Namna ya kupima na kupunguza moshi wa meli kwenye magati ya Ziwa Nyasa

Mwongozo huu unawahusu mafundi wa mashine na wasimamizi wa gati wa Itungi na Kiwira, wilayani Kyela, pamoja na yeyote anayehudumia vyombo vya dizeli ziwani. Nimeweka mbele kipimo cha mafuta, kwa kuwa ndicho cha bei nafuu na ndicho kinachokosewa kwa nadra.

Hatua ya kwanza: pima mafuta. Andika kiasi cha dizeli kilichomo tangini kabla na baada ya kila safari, ukitenganisha mafuta ya mashine kuu na ya jenereta. Lita 1,000 za dizeli zina uzito wa kilo 840 hivi, na zikiungua hutoa takriban tani 2.7 za hewa ya ukaa. Kwa salfa, zidisha uzito wa salfa iliyomo kwa 2, upate uzito wa dioksidi ya salfa. Dizeli yenye salfa sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015, itatoa gramu 84 kwa lita hizo 1,000. Mafuta yenye asilimia 0.50, yaani ukomo wa kimataifa kwa meli za baharini tangu 2020, yangetoa kilo 8.4. Kwa hiyo, iwapo dizeli yako ni ya sehemu 50 kwa milioni, elekeza nguvu zako kwenye masizi na oksidi za naitrojeni.

Hatua ya pili: soma weusi wa moshi kwa kadi ya Ringelmann, ambayo ina madaraja 0 hadi 5, kila daraja likiongeza weusi wa asilimia 20. Simama jua likiwa nyuma yako, moshi ukipita mbele yako kwa upande, na usome juu kidogo ya mdomo wa dohani. Kadi hii haioni oksidi za naitrojeni, ambazo hutokana na joto kali ndani ya silinda. Hizo zinahitaji kifaa cha kuchambua gesi.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi: kupima chembe laini za moshi (PM2.5) zinazovutwa na watu gatini. Weka vifaa viwili vya aina moja, kimoja upande upepo unakotoka na kingine upande unakoelekea, kisha toa usomaji wa kwanza kwenye wa pili. Bila kifaa cha kwanza utaihesabia meli moshi wa mkaa wa mama lishe na wa mabua yanayochomwa mashambani. Vifaa vya bei nafuu hutumia mwanga, navyo huhesabu matone ya ukungu kama vumbi; kwa hali ya hewa ya Kyela, andika unyevu kila mara na uweke kando usomaji wa asubuhi zenye ukungu. Funika tundu la kuingizia hewa kwa wavu, kwa sababu makundi ya wadudu wadogo wa ziwani huliziba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kwa chembe hizi ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24.

Hatua ya nne: punguza. Anzia gatini, ambako watu wengi wanavuta hewa hiyo kwa pamoja: zima mashine kuu wakati wa kupakia, na palipo na umeme wa nchi kavu, zima na jenereta. Moshi mweusi ukiendelea, kagua nozo za kunyunyizia mafuta na chujio la hewa kabla ya kugusa kitu kingine. Fundi akishauri kuchelewesha wakati wa kunyunyizia mafuta ndani ya silinda ili kupunguza oksidi za naitrojeni, fahamu kwamba masizi na matumizi ya mafuta huongezeka, nami sioni faida ya kufanya hivyo karibu na abiria.

Safarini, mwendo ndio wenye uzito mkubwa. Nguvu inayohitajika hukua takriban kwa mchemraba wa kasi, hivyo nahodha akipunguza kasi kwa asilimia 10, mafuta ya safari nzima hupungua kwa karibu asilimia 19. Ratiba ipangwe upya kwa kuzingatia hilo, na tumbo la chombo lisuguliwe kila kinapopandishwa.

Baada ya kila badiliko, rudia vipimo vyote kwa mzigo uleule na, kadiri inavyowezekana, kwa upepo unaofanana. Upepo wa kusi wa kati ya mwaka usilinganishwe na utulivu wa msimu wa mvua.