Kugawa bonde la Mto Mara kwenye SWAT (programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa maji bondeni) bila kujichosha
Kabla hujagusa mipaka ya vijibonde, yaani vipande vidogo vya bonde, anza na data ya mvua, maana hapo ndo wengi tunapigwa. SWAT inachukua kituo kimoja tu cha mvua kwa kila kijibonde, kile kilicho karibu zaidi na katikati yake, sasa ukikata vipande vikubwa huko Mau, kwenye mito ya Nyangores na Amala, vituo vingine vinaachwa kimyakimya. Vituo vichache? Jazia na CHIRPS, data ya mvua inayokadiriwa kwa setilaiti pamoja na vituo, inaanzia 1981, ila ilinganishe kwanza na vipimo vya vituo vyenyewe. Ramani ya mwinuko wa ardhi ya SRTM, iliyopimwa kwa rada toka angani, yenye vimraba vya mita 30 inatosha. Halafu jaribu kugawa bonde vipande 10, 30, 60, ukiona mtiririko wa mto unaotolewa na SWAT haubadiliki tena ishia hapo, zaidi ya hapo unapasha kompyuta moto tu.