Meneja wa Mradi na Teknolojia Mpya: Ajue Nini, Amwachie Mtaalamu Nini

Matangazo ya kazi yanayotolewa siku hizi Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yawe ya mashirika yasiyo ya kiserikali au ya kampuni zinazohudumia migodi, yamezoea kumtaka meneja wa mradi awe pia mjuzi wa akili mnemba, ndege zisizo na rubani, nishati ya jua na uchambuzi wa data. Mtu anayetimiza masharti hayo yote ni nadra kupatikana, na akipatikana huenda asiwe meneja mzuri, kwa kuwa miaka yake mingi itakuwa imekwenda kwenye mitambo badala ya watu, fedha na ratiba. Mwongozo huu unamlenga yule aliyekwisha kukabidhiwa mradi wenye teknolojia asiyoijua, naye anataka kufahamu ajifunze kiasi gani kabla ya kazi kuanza.

Kwa maoni yangu, meneja anapaswa kuijua teknolojia kwa kiasi kinachomwezesha kupinga ratiba, bajeti na ahadi anazoletewa. Hata taasisi za taaluma hii hazidai zaidi ya hapo. Project Management Institute, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, ilipopanga upya mwaka 2022 pembetatu yake ya ujuzi, ilitaja namna za kufanya kazi, stadi za kuhusiana na watu na uelewa wa biashara; hakuna upande unaomtaka meneja aandike programu au afunge nyaya. Hata hivyo, uelewa wa biashara hauwezi kutenganishwa na kifaa kinachonunuliwa, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Uliza kifaa kinahitaji nini

Tuchukue mfano wa kituo cha afya katika wilaya ya Ruashi kinachotaka umeme wa jua kwa ajili ya pampu ya maji, friji ya chanjo na taa. Muuzaji analeta pendekezo lenye betri kubwa, na sababu anayoitoa ni kwamba pampu ya wati 1,500 itafanya kazi saa 5 baada ya jua kuchwa. Meneja hahitaji kujua kemia ya betri ili azidishe: wati 1,500 kwa saa 5 ni kilowati-saa 7.5. Kisha anauliza ni sehemu gani ya betri inayoruhusiwa kutumika bila kuiharibu. Kwa betri za risasi na asidi, desturi ni kutozidi nusu, kwa hiyo zinahitajika kilowati-saa 15. Kwa zile za lithiamu na fosfeti ya chuma, hata tukihesabu asilimia 80 tu, kilowati-saa 9.4 hivi zinatosha. Tayari meneja anaweza kulinganisha bei mbili ambazo mwanzoni zilionekana hazilinganishiki.

Lakini swali lenye thamani kuliko hayo halihusu betri kabisa: kwa nini pampu ifanye kazi usiku? Tangi likiinuliwa juu ya mnara na kujazwa mchana, maji yatateremka yenyewe hata saa nane za usiku, na betri itabaki kuhudumia friji na taa peke yake. Swali hilo linatoka kwa mtu anayefikiria matumizi, na mara nyingi mtaalamu wa betri haliulizi kwa sababu yeye ameitwa kuzungumzia betri.

Liko jambo jingine ambalo humwangukia meneja moja kwa moja, nalo ni usafirishaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo, bila kufungwa pamoja na kifaa chake, haziruhusiwi katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Anayepanga ratiba akidhani kwamba betri zitapanda ndege ya abiria mwishoni mwa wiki atajikuta akisubiri lori lipite Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kila aliyewahi kuona foleni ya malori pale anajua kwamba siku za kusubiri haziamuliwi na mtu mmoja. Fundi wa umeme anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuhitaji kanuni hiyo, ilhali meneja anaihitaji kabla hajatia saini.

Pima mahali kifaa kitakapotumika

NASA ina kipimo cha ngazi 9 cha kuonyesha teknolojia imekomaa kiasi gani, kuanzia wazo lililo kwenye karatasi hadi chombo kilichothibitishwa kazini. Kipimo hicho kinafaa kuulizia, ila kilichothibitishwa kwingine bado hakijathibitishwa Katuba, wilaya mojawapo ya Lubumbashi. Programu za akili mnemba zinazogeuza sauti kuwa maandishi zinaonyesha hilo waziwazi. Muuzaji husema kwamba programu yake inafahamu Kiswahili, na huenda anasema kweli, kwa maana ya Kiswahili cha taarifa za habari. Sasa mhoji wa mradi wa afya anamrekodi mama mmoja wa Katuba, naye anajibu: “Docta, mutoto alizaliwaka mu deux mille dix-huit, njo wa tatu.” Yaani, mtoto alizaliwa mwaka 2018, ndiye wa tatu.

Maneno aliyosema ni 10. Makosa ya programu ya aina hii hupimwa kwa kujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Programu ikikosea “njo” peke yake, kosa ni asilimia 10, na mradi haupotezi chochote. Ikikosea maneno matatu ya mwaka, kosa ni asilimia 30, na rekodi ya mtoto huyo haifai tena kwa hesabu za chanjo. Wastani mzuri unaoandikwa katika pendekezo la muuzaji unaweza kuficha jambo hilo, kwa sababu wakazi wengi wa Lubumbashi hutaja miaka, bei na idadi kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili, na tarakimu ndizo mradi unazozitafuta.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba, mpe muuzaji rekodi kadhaa za wakazi wa mitaa mbalimbali, wazee kwa vijana, zilizofanywa kwa ridhaa yao na katika kelele za kawaida za uani. Andika kigezo cha kupokea kazi kwa kila aina ya taarifa: umri, tarehe, jina la dawa, kila kimoja kiwe na kiwango chake cha makosa yanayovumilika. Kuandika kigezo hicho ni kazi ya meneja, wala hakuhitaji kujua programu ilifunzwaje. Katika mkutano huohuo uliza itakuwaje umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika au mtandao ukipotea: je, rekodi zinahifadhiwa ndani ya simu hadi mtandao urudi, au zinapotea? Uliza pia dawati la msaada liko mji gani. Likiwa Kinshasa na likifunguliwa saa mbili asubuhi, hapa itakuwa tayari saa tatu.

Dai makadirio matatu

Mtaalamu akikuambia kwamba kazi itachukua wiki nne, mwombe namba tatu: muda mfupi kabisa, unaotarajiwa, na mrefu kabisa. Mbinu hii inatokana na PERT, njia ya kupanga ratiba za miradi iliyobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani. Tuseme anajibu wiki 2, wiki 4 na wiki 12. Zidisha ile ya katikati mara nne, ongeza zile mbili za pembeni, gawanya kwa sita: unapata wiki 5. Ila usiishie kwenye hesabu. Mwulize zile wiki 12 zinatokana na nini, maana katika jibu hilo ndimo hatari zote za mradi zilimofichwa, na mara nyingi utasikia neno kama forodha, kibali au kipuri ambalo halikuwamo katika pendekezo.

Jifunze kwa mrekebishaji

Wiki mbili za kujiandaa zinatosha kwa miradi mingi iwapo utazitumia kuzungumza na watu wanaofaa. Muuzaji atakueleza kifaa kinavyofanya kazi. Mrekebishaji atakueleza kinavyokufa. Mwendee fundi mwenye umri, kwa heshima anayostahili, umwulize: “Mzee, nikirudi pale baada ya miezi sita nikakuta kimezima, nitakuwa nimekuta nini kimeharibika?” Huenda akakujibu kwamba paneli hazisumbui sana, kinachosumbua ni inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani, na inverta huungua mtu anapounganisha pasi au jiko kwenye nyaya za taa. Kutokana na jibu hilo unapata mistari miwili ya bajeti: inverta ya akiba, na siku ya kuwafundisha wafanyakazi wa kituo. Kwa mambo mazito zaidi, walimu wa fani za uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaweza kuombwa kuhakiki pendekezo, na malipo yao ni madogo ukilinganisha na gharama ya kununua mtambo usiofaa.

Ipo miradi ambayo kiasi hiki hakitoshi. Pale ambapo teknolojia yenyewe ndiyo zao la mradi, au ambapo kosa linaweza kumuumiza mtu, kama katika urushaji wa ndege zisizo na rubani juu ya makazi au ufungaji wa umeme wa nguvu kubwa mgodini, meneja asiye mtaalamu hapaswi kubaki peke yake. Apewe mhandisi kiongozi mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na mamlaka hayo yaandikwe, kwa sababu mamlaka ya mdomo huyeyuka mfadhili anapoanza kuuliza tarehe.

Yaandike katika mkataba kabla ya malipo ya mwisho

Tangu Machi 2023 Kongo ina Sheria ya Dijitali, nayo inagusa ulinzi wa data binafsi; meneja anayekusanya majina, sauti au picha za watu aisome mwenyewe sehemu hiyo, kisha amwulize mwanasheria pale asipoelewa. Mkataba useme data ni ya nani, inahifadhiwa wapi na inafutwa lini. Useme pia kwamba akaunti zote za mfumo zinafunguliwa kwa anwani ya barua pepe ya taasisi, kamwe si ya fundi wa muuzaji, na kwamba nywila, michoro ya nyaya na orodha ya vipuri vinakabidhiwa pamoja na funguo. Awamu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya mfanyakazi wa kituo kuuzima mtambo na kuuwasha tena mwenyewe, muuzaji akiwa amesimama pembeni bila kugusa kitu.