Kabla ya kuilaumu grafiksi, hesabu vijiti vya RAM

Laptopu yangu ina prosesa ya Intel Core i5-1135G7, na kibandiko cha boksi kilisema grafiksi yake, yaani sehemu inayochora picha za skrini, ni Iris Xe. Siku ya kwanza nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikakuta pameandikwa Intel UHD Graphics. Nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kumbe sikuibiwa. Grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe, inatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ileile ya prosesa. Na Intel wana sharti: jina la Iris Xe linatokea pale tu RAM inapopita kwa njia mbili, yaani biti 128. Yangu ilikuwa na kijiti kimoja cha GB 8, njia moja ya biti 64. Chipu ni ileile, lakini jina lilikuwa limevuliwa, na kasi pia.

Piga hesabu uone. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi cha RAM, 3200 ni kasi yake) hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili hupitisha 51.2. Tena hizo 25.6 grafiksi haizipati zote, kwa sababu prosesa nayo inachota kisima hichohicho. Ndiyo maana huwa nacheka nikiona watu wanabishana kuhusu idadi ya vitengo vya grafiksi, yaani vipande vya chipu vinavyopiga hesabu za picha, bila hata mmoja kuuliza vijiti ni vingapi.

Idadi hiyo ina maana yake, sikatai. Grafiksi ya Intel UHD 620 ya mwaka 2017 ina vitengo 24. Iris Xe kwenye i5 yangu ina 80, na kwenye i7-1165G7 ina 96, ingawa zote mbili zinaitwa jina moja. Kila kitengo kina vikokotozi 8, kwa hiyo ile ya 96 ina vikokotozi 768. Sasa tazama Radeon 680M ya AMD, iliyotoka 2022: nayo ina 768, lakini inaiacha Iris Xe mbali. Inakwenda hadi gigahezi 2.4 wakati ya i7 ile inaishia 1.3, na inalishwa na RAM za kizazi cha DDR5. Kwa hiyo ukisoma sifa za grafiksi, usiishie kwenye vitengo. Soma pia gigahezi, aina ya RAM na idadi ya njia.

Kukagua yako ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, ingia Performance, kisha Memory. Ukiona Slots used: 1 of 2, huenda una nafasi tupu. Nasema huenda kwa sababu laptopu nyingine zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hapo maandishi hayo hupotosha. Hakikisha kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory. Kwa DDR4 unataka kuona 2 x 64-bit au neno Dual. DDR5 ina mtego: kijiti kimoja kimegawanywa ndani kuwa njia mbili ndogo za biti 32, kwa hiyo 2 x 32-bit bado ni kijiti kimoja. Unachotaka ni 4 x 32-bit.

Ukiwa hapohapo kwenye Task Manager, gusa GPU. Gemu kongwe zinaweza kulalamika kwamba una MB 128 tu za grafiksi. Zipuuze. Angalia Shared GPU memory, ambayo kwa kawaida ni karibu nusu ya RAM yote. Huo ni ukomo wa kukopa, haijatengwa pembeni.

Kama nafasi ipo, tafuta kijiti cha aina na kasi sawa na kilichopo, na ikiwezekana ukubwa uleule. GB 8 na 16 zitafanya kazi, ila GB 8 za kwanza za kila upande ndizo zitakazokwenda kwa njia mbili. Zilizobaki zitapita njia moja. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa waya wa betri kwenye bodi, gusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini. Ingiza kijiti kikiwa kimeinama, kisha kikandamize hadi vishikizo vya pembeni vilie.

Ukiwasha, usiogope giza. Mimi skrini ilibaki nyeusi muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima, nikawa tayari nimeshika bisibisi nikichomoe. Ilikuwa inajipima na RAM mpya. Iache kwanza itulie.

Nilipoingia Windows, Device Manager ilisema Iris Xe. Gemu ya mpira iliyokuwa ikisuasua kwenye fremu (picha) thelathini na ushee kwa sekunde ikafika karibu hamsini, na sikuwa nimebadilisha mpangilio hata mmoja.

Kinachofuata ni umeme na joto. Prosesa za familia hii hupangiwa na mtengenezaji wa laptopu kati ya wati 12 na 28, na kapu hilo prosesa na grafiksi wanagawana. Fungua programu ya HWiNFO ukiwa unacheza, tazama CPU Package Power. Ikianza juu halafu ikaporomoka baada ya dakika chache, na fremu zikaporomoka nayo, tatizo ni joto au kikomo alichoweka mtengenezaji. Safisha feni, inua laptopu kwa nyuma, weka chaja, chagua Best performance kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Halafu punguza pikseli kabla hujagusa vivuli na majani. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600. Kazi inapungua zaidi ya nusu. Mimi 720 inanichosha macho, maandishi yanakuwa kama yameloa maji, kwa hiyo nimekaa kwenye 1600 kwa 900 na nimefunga fremu kwenye 40. Zikiachwa huru zinaruka 55 kisha 32, na feni inapiga kelele. Zikifungwa kwenye 40 mchezo unakwenda laini na feni siisikii.