SOMO: Kuhamisha picha kutoka kwenye kamera kwenda kompyuta ya Linux

Wakuu, ile sidii iliyokuja na kamera iacheni kwenye boksi. Kwenye Ubuntu au Mint (matoleo ya Linux) haina kazi.

1. Kama una kadi rida (kifaa cha kusomea kadi ya kamera kwenye kompyuta), chomoa kadi uitumie hiyo. Mimi waya nimeuogopa tangu picha za harusi ya binamu: kamera ilizima chaji katikati ya kuhamisha, ukumbi mzima unasubiri kuziona kwenye projekta.

2. Kadi ikifunguka utakuta folda ya DCIM, na ndani yake folda kama 100CANON. Nakili DCIM nzima, usihamishe. Kila kazi ipe folda yake yenye tarehe, mfano 2024-08-17-harusi. Usizirundike pamoja, maana kamera nyingi zikifika 9999 hurudi 0001, na IMG_0001 ya leo inaweza kuifuta ya mwaka juzi.

3. Hakikisha kabla ya kufomati. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri hii ya kulinganisha folda mbili, ila weka njia za folda zako mwenyewe:

diff -r /media/juma/KADI/DCIM ~/Picha/2024-08-17-harusi/DCIM

Ikikaa kimya, nakala ziko sawa. Ikitaja faili, rudia hilo faili.

4. Toa kadi kwa kubofya alama ya kuondoa, ndipo uichomoe.

Huna kadi rida? Chaji betri ijae, chomeka waya, washa kamera, kisha tumia gphoto2, programu ya kuvuta picha kwa waya:

sudo apt install gphoto2
gphoto2 --auto-detect
gphoto2 --get-all-files

Picha hushukia kwenye folda uliyosimama, kwa hiyo ingia kwanza unapotaka zikae. Asiyependa terminali atumie Shotwell, programu ya picha ya kubofya. DigiKam ni nzuri zaidi ila nzito kwa mashine ya RAM GB 2.

MASWALI

Mkuu, gphoto2 inaniambia imeshindwa kukishika kifaa cha USB. Waya ni mpya.

— Waya hauna kosa. Kamera imeshafunguliwa na kidhibiti faili (programu ya kufungulia folda) chenyewe ulipoichomeka. Bofya kuiondoa pale pembeni, ila usichomoe waya, kisha rudia amri.

Kadi yangu ya GB 64 haifunguki kwenye laptopu ya zamani, ya GB 32 inafunguka. Kwa nini?

— Kadi zinazozidi GB 32 huja na exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Kernel (kiini) ya Linux iliupokea kuanzia toleo 5.4, mwaka 2019. Kama yako ni ya nyuma ya hapo, sakinisha exfat-fuse na exfat-utils.

Kaka, mimi nimeshafomati kadi kabla ya kusoma hapa. Ndiyo basi?

— Pole dada. Usipige hata picha moja tena na kadi hiyo. Sakinisha testdisk, uendeshe photorec (programu ya kurudisha picha inayokuja nayo) kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi, na zitakazopatikana uziweke kwenye kompyuta, si kwenye kadi yenyewe. Majina ya zamani hutayaona, zitakuja na herufi f na tarakimu ndefu. Tarehe ya kupigwa huwa imo ndani ya picha, kwa hiyo Shotwell itakupangia.