Kufuga lochi wa vijito vya milimani: tengeneza mto kwanza, samaki baadaye

Lochi wa milimani ni samaki bapa. Mapezi yake ya kifua na ya tumbo yametanuka pembeni, na kwa hayo hujibandika kwenye jiwe hata maji yakienda kasi. Wanaopatikana zaidi ni Sewellia lineolata wa Vietnam, Beaufortia wa kusini mwa China na Gastromyzon wa Borneo. Wengi wao hufa matangini kwa njaa na joto, na yote mawili yanazuilika.

Hatua ya 1: Tangi. Chukua refu kuliko lenye kimo. Lenye urefu wa sentimita 90 na lita 100 hivi linatosha watano au sita, nao wanapenda kukaa kundi. Liwe na mfuniko usioacha mianya, maana hupanda kioo mpaka juu ya maji.

Hatua ya 2: Mkondo. Hapa usibane matumizi. Pampu zako kwa jumla zizungushe maji yote ya tangi mara 10 hadi 20 kwa saa. Kwa lita 100 ni lita 1,000 hadi 2,000. Ziweke upande mmoja zisukume maji kwa urefu wa tangi, na moja ielekee juu kidogo ili uso wa maji uvurugike, kwa kuwa oksijeni huingilia hapo. Funika midomo ya kuvutia maji kwa sponji, na acha sehemu tulivu nyuma ya jiwe kubwa wapate kupumzika.

Joto libaki kati ya nyuzi 20 na 24 za Selsiasi. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hushuka hadi 7.5 hivi, wakati samaki mwenyewe anahitaji zaidi. Siku za joto, feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyapoza vizuri. Jaziliza tu yanayopotea kwa mvuke.

Hatua ya 3: Mawe. Tumia ya mtoni, laini na ya mviringo. Yasugue kwa maji matupu, bila sabuni. Dondoshea kila jiwe siki: likitoa povu, lina chokaa na litaongeza ugumu wa maji, liache.

Hatua ya 4: Subiri. Hata amonia na nitraiti (sumu zitokanazo na uchafu majini) zikisoma sifuri kwenye kipimo, bado usiweke samaki. Lochi hula utando wa mwani na vijidudu vilivyomo, kwa hiyo washa taa yenye nguvu na upe tangi miezi miwili au zaidi. Pitisha kidole juu ya jiwe: likiwa na utelezi na kidole kikatoka na rangi ya kijani au kahawia, chakula kipo. Mimi huweka mawe ya akiba kwenye ndoo ya maji juani, nikibadilishana na yale yaliyokwisha kulambwa.

Hatua ya 5: Kuchagua. Ngoja ajibandike kwenye kioo, kisha mtazame kwa chini. Tumbo liwe limejaa. Likiwa limebonyea, usimchukue hata kama rangi zake zinapendeza. Samaki aliyekonda hivyo ni vigumu kumrudisha. Ukimhamisha usimvute kwa nguvu: telezesha kadi laini ya plastiki chini yake, aachie mwenyewe aingie kikombeni.

Hatua ya 6: Matunzo. Ongezea vidonge vya mwani vinavyozama, jioni, na minyoo ya kugandishwa mara chache. Badilisha robo ya maji kila wiki, yakiwa yameondolewa klorini. Madume wakipandiana na kusukumana juu ya jiwe, waache, wanagombea eneo na ni nadra kuumizana.

Wakipanda wote karibu na uso wa maji huku wakipumua kwa kasi, pima joto na kagua pampu papo hapo. Umeme ukikatika hawawezi kungoja muda mrefu, hivyo weka karibu pampu ya hewa ya betri, ikiwa tayari na mpira wake na jiwe la viputo.