Jinsi ya kujiandikisha kliniki ya uraibu: mtafute mwelimishaji rika kwanza, fomu baadaye

Mdogo wangu ameanza dozi ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, mwezi huu, baada ya kuzungushwa kiasi ambacho wengi wangekata tamaa na kurudi kijiweni. Namwandikia anayetaka kujiunga na kliniki ya wagonjwa wa nje, wale wanaokunywa dawa na kurudi nyumbani, na ndugu anayemsindikiza.

Kabla ya kuchukua fomu, mtafute mwelimishaji rika. Ni mtu aliyewahi kutumia, akatibiwa, na sasa anafanya kazi na kliniki au kikundi cha waliopona. Anajua wagonjwa wapya hupokelewa siku gani, nani anasaini rufaa, na karatasi ipi itakurudisha nyumbani. Ukimkosa, ulizia mikutano ya Narcotics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya kilichoanza California mwaka 1953, au Alcoholics Anonymous kama tatizo ni pombe. Kuingia ni bure, sharti pekee ni nia ya kuacha.

Kitambulisho na fomu havina shida. Shughuli iko kwenye barua ya rufaa. Ya mdogo wangu ilikataliwa kwa sababu haikutaja dawa nyingine anazotumia, na kule ilikoandikwa hakuna aliyemuuliza. Wala hakuna aliyetueleza kwa nini zinatakiwa. Sababu ni nzito: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini upesi. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, nayo ni hivyohivyo. Mgonjwa anakunywa dozi asubuhi, na kabla ya ile ya kesho arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imeshamkuta. Upande mwingine, diazepamu, dawa ya kutuliza, na za jamii yake zikikutana na methadoni zinaweza kukata pumzi. Kwa hiyo beba dawa zenyewe na pakiti zake, ziweke mezani kwa daktari, na usiinuke mpaka majina yote yameandikwa. Kama una tatizo la moyo liseme hapohapo, maana methadoni inaweza kuvuruga mapigo na huenda ukatakiwa kipimo cha umeme wa moyo.

Siku za kusubiri barua mpya ndizo zilizonitisha. Mdogo wangu alikuwa amejikunja kitandani, makamasi yanamtiririka, miguu haitulii, vipele vya baridi mikono yote, na simu ya aliyekuwa akimuuzia inaita. Mwelimishaji rika alikuja, akamwomba ile simu, akaizima mbele yake, akakaa naye hadi asubuhi. Mimi nilikuwepo usiku kucha na nisingeweza kumwambia lile alilomwambia: "Hata mimi nilidhani sitaiona kesho." Ndiyo maana nasema huyu atafutwe mwanzo.

Tahadhari mbili za kipindi hicho. Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege au kuweweseka, na hali hiyo inaua, kwa hiyo aende hospitali asimamiwe. Na aliyekaa siku kadhaa bila heroini, mwili wake hauhimili tena kiasi alichozoea. Akiteleza na kutumia kilekile cha zamani anaweza kufa. Uliza kama naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, inapatikana, na mfundishwe nyumba nzima kuitumia.

Siku ya tathmini sema ukweli wa kiasi unachotumia na mara ya mwisho ilikuwa lini. Mkojo utapimwa, na dozi inapangwa kwa majibu yako. Uliza mapema utaanzishiwa dawa gani. Kwa buprenofini, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, unatakiwa ufike arosto imeshaanza. Ukiiwahi, dawa yenyewe itakutupa kwenye arosto kali ghafla. Kwa methadoni dozi ya kwanza huwa ndogo, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, kisha hupandishwa taratibu kwa sababu hujilimbikiza mwilini. Siku hizo za mwanzo utaona haitoshi. Mwambie muuguzi, wala usijiongezee kitu cha mtaani, kwani wanaokufa mwanzoni mwa matibabu wengi wamechanganya.

Ukishaanza, ni kwenda kila siku. Ukikosa siku tatu mfululizo, usitegemee kupewa dozi ileile. Itabidi upimwe upya na kwa kawaida itapunguzwa kwa usalama wako. Kwa hiyo kama kuna msiba au safari ya kazi, omba barua ya uhamisho wa muda mara tu unapopata taarifa, ioneshe kiwango cha dozi na tarehe ya mwisho uliyokunywa, na mpigie mwelimishaji rika athibitishe kule uendako watakupokea kabla hujapanda gari.