Kumlea mtoto wa farasi kwenye shamba la mchanga

Shamba langu liko Utange, Mombasa, ekari mbili na nusu, minazi kumi na tisa na farasi majike wawili. Watu wakiniona nao ufukweni Bamburi hudhani wote niliwanunua. Lulu alizaliwa hapa hapa mikononi mwangu, chini ya paa la makuti, na mwanawe wa kiume sasa ana miezi saba.

Farasi hubeba mimba karibu miezi 11, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kumpeleka kwa dume. Ukimpandisha Februari atazaa Januari, kaskazi ikivuma na ardhi kavu. Ukimpandisha Juni, mtoto ataangukia katikati ya masika, matope tele na usubi kila mahali. Usubi ndio hueneza maradhi ya farasi ya Kiafrika, ambayo huua kwa siku chache, nao huuma zaidi magharibi na alfajiri. Chanjo ipo, zungumza na daktari wa mifugo mapema. Wangu huingia zizini kabla ya adhana ya magharibi na hawatoki mpaka jua lipande.

Usiku wa kuzaa, keti mbali na saa mkononi. Mtoto asimame ndani ya saa moja, awe ananyonya kabla ya saa mbili kwisha, na kondo la nyuma liwe limetoka kabla ya saa tatu. Likichelewa, mwite daktari, usilivute. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, asiikose, maana huzaliwa karibu hana kinga mwilini. Kitovu kichovye kwenye iodini. Pepopunda haikupewa jina lile bure, na farasi huishika upesi sana.

Sasa mchanga, jambo ambalo wafugaji wa bara hawatakuambia. Farasi akila chini huku kwetu, humeza mchanga kila tonge, unajikusanya tumboni, kisha unakuta anagaagaa na kujitazama ubavu. Hawezi kutapika, basi kilichoingia hakirudi. Mimi hutandika turubai kuukuu chini ya majani makavu. Kila Ijumaa nachukua mavi mabichi yasiyogusa ardhi, nayakoroga na maji kwenye jagi la kioo, nangoja robo saa. Mchanga ukionekana chini, naongeza majani na kumwambia daktari. Majani yenye ukungu nayo tupa, hata kama umeyanunua ghali. Hewa ya Mombasa huozesha haraka.

Mafunzo yaanze akiwa bado mdogo wa kukumbatika. Kuanzia siku ya pili nampapasa shingo, masikio, tumbo, na kuinua kila mguu na kuugonga ukwato kwa vidole, dakika tano tu, mama yake akiwa karibu. Wiki ya tatu namvisha hatamu laini. Vuta kidogo, akisogea hatua moja, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfunza. Ukiendelea kuvuta baada ya kutii, umemfunza kwamba kutii hakuna faida. Wala usimlishe mkononi. Kijana wangu wa zizi alimzoesha vipande vya embe, na siku embe zilipokwisha akang'atwa bega. "Huyu yuwataka kuniua!" akapiga kelele. Nikamwambia amefuga mwenyewe.

Mpwa wangu ana tuktuk. Huiegesha nje ya ua jioni ili mtoto wa farasi azoee kelele, injini ikinguruma, mtoto akila. Wiki ya kwanza alikimbia, ya nne hakuinua hata kichwa.

Miezi mitano au sita, muachishe kunyonya. Kuhasi ni kazi ya daktari.

Kumpanda, subiri. Lulu nilimpanda akiwa na miaka miwili kwa tamaa ya wageni wa Desemba, nikamkimbiza kwenye mchanga mkavu wa juu. Kano ya mguu wa mbele ikavimba, akakaa zizini miezi minne, na pesa za Desemba zikaishia kwenye dawa. Mifupa ya farasi hukomaa kutoka miguuni kwenda juu, uti wa mgongo ukiwa wa mwisho, baada ya miaka mitano hivi. Siku hizi ni miaka minne kamili, mtu mwepesi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana.

Juzi mama mmoja aliyekuja na mtoto wa chekechea aliniuliza bei ya kumpanda huyu mdogo. Nikamwambia arudi mwanawe akifika darasa la tatu.